Maji ya Kunyamazisha Spika

Opereta hakuwahi kupatana bei nami hata siku moja. Naanzia hapo kwa sababu kwa mtu wa kazi yangu hilo ni tusi. Mimi niliuza vitu vya umeme vilivyotumika. Nilivifuata Dar, nikavitembeza Korogwe, Mombo na Handeni: redio, pasi, deki, na kompyuta zilipoanza kuingia, spika zake. Mteja anakuja, nataja bei ya juu, anataja ya chini, tunakejeliana kwa heshima, tunakutana katikati, na kila mtu anaondoka akiamini amemwibia mwenzake. Opereta alisimama mbele ya meza yangu, akauliza bei, nikaitaja, akatoa hela.

"Mzee, si uzungumze kidogo basi," nilimwambia mara ya kwanza.

"Nizungumze nini? Wewe ndiye unayejua umeiokota wapi."

Nikazihesabu hela zile, nikazihesabu tena, nikitafuta noti iliyopungua ili angalau tuwe na la kubishania. Zilikuwa kamili. Kisha, siku ya mnada uliofuata, akanirudishia spika.

"Zinalia," akasema.

Sikumpenda. Naona niseme mapema, maana watu wakishaondoka machoni tunawapaka mafuta mpaka hawatambuliki. Alikuwa mgumu, mwenye kiburi, na alizungumza kwa sauti kubwa kama vile wewe uko ng'ambo ya mto. Lakini tulijuana miaka mingi, na katika watu wote niliowauzia vitu kati ya mabonde ya mkonge na nyika za Handeni, ni yeye tu ambaye bado nabishana naye nikiwa peke yangu barabarani. Alikuwa na mke mmoja na mlio mmoja, na mwisho akabaki na kimoja tu. Kila mtu mtaani kwake Chanika anajua kipi.

Jina la Opereta alilipata kiwandani. Aliendesha korona, ule mtambo unaokwangua majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi, kwenye shamba moja nje ya Korogwe. Aliyewahi kusimama karibu na korona ikiwa kazini hahitaji kuelezwa ile kelele, na ambaye hajawahi hawezi kuelezwa akaelewa. Walisimama pale kuanzia alfajiri bila hata pamba masikioni.

"Tuliambiwa masikio yatazoea," alinisimulia. Akatazama pembeni. "Na kweli, yalizoea."

Alijisifia jambo moja la siku zile: kwamba hakuisikiliza korona kwa sikio, aliisikiliza kwa kiganja. Aliweka mkono kwenye chuma, akajua beringi ipi imeanza kuchoka kabla haijakatika. Tabia hiyo alihama nayo. Kila spika niliyompelekea aliilaza mezani, akaifunika kwa kiganja kama mtu anayempima mtoto homa, akafumba macho. Mimi nasubiri hela yangu, yeye anapima homa.

Ikaja miaka ya ruksa, kila kitu ruksa. Shamba likauzwa, mwenye shamba mpya akaja na watu wake na hesabu zake, na wazee wa korona wakapewa kiinua mgongo na kuonyeshwa lango. Wenzake walinunua mabati, wengine baiskeli, mmoja alioa mke wa pili akaishiwa na vyote viwili. Opereta alinunua kompyuta. Akahama Korogwe, akapanga chumba cha mbele cha nyumba moja Chanika, mjini Handeni, kwa sababu, alisema, Korogwe kila mtu anajua alikuwa anaendesha nini. Akatundika kibao: KOMPYUTA. KUCHAPA. KUREKODI MATANGAZO. KIMYA TAFADHALI.

Hayo ya kimya yaliwachekesha watu, maana kelele pekee iliyosikika katika ile nyumba ilikuwa yake. Ungekuwa umepitia upande wa pili wa barabara ungemsikia akimwambia mteja, kwa sauti ya kiwandani, "Nasema hivi, PUNGUZA SAUTI!"

Kazi iliyomlisha ilikuwa matangazo. Mtu ana mnada, mwingine ana mkutano wa injili, mwingine ana dawa ya kunguni. Opereta anamrekodi kwenye kompyuta, anampa kaseti, kaseti inapigwa kwenye pikapu yenye vipaza sauti. Na hapo ndipo mlio ulipokuwa adui. Ukirekodi wakati spika na waya zinavuma, ule mvumo unaingia ndani ya tangazo, na tangazo lako la kitoweo linasikika kama linatoka kwenye mzinga wa nyuki.

Alikuwa na majina yake. Mvumo wa chini unaoendelea bila kukata aliuita nyuki. Ule wa kukwaruza, unaokuja ukigusa kitufe cha sauti, aliuita mchanga. Huo ni vumbi tu, unazungusha kitufe huku na huku mpaka kinajisafisha. Ule wa kudonoadonoa, wa simu za mkononi, aliuita mjumbe. Na alikuwa na neno moja ambalo alimrushia kila mteja aliyeingia akilalamika: "Kila mlio una mwenyewe. Mtafute mwenyewe."

Kumtafuta huyo mwenyewe kulikuwa na taratibu zake, na hakukubali mtu aruke hatua. Kwanza unachomoa ule waya wa spika nyuma ya kompyuta, unaacha spika ikiwaka peke yake. Ikiendelea kuvuma, ugonjwa uko kwenye spika au kwenye umeme wake. Ikinyamaza, ugonjwa unatoka kwenye kompyuta, basi unaurudisha waya na kuanza kufunga milango ya sauti ya ndani mmoja mmoja: maiki kwanza, kwa sababu watu huacha maiki wazi halafu wanashangaa nyumba inaongea. Kisha unautenga waya wa spika na waya wa umeme, zisilale pamoja. Kisha unachomeka vyote kwenye soketi moja ya ukutani. Wateja walichoka wakiwa katika hatua ya pili. Yeye hakuchoka.

Kulikuwa na mwenye kibanda cha video, mtu wa maneno mengi, aliyeunganisha kompyuta na televisheni na spika kubwa, na vyote vikawa vinavuma hadi watazamaji wakaomba warudishiwe viingilio. Alikuwa amebadilisha spika mara kadhaa, nyingine kwangu, sikuwa na malalamiko. Opereta alikwenda, akatazama juu, akachomoa waya wa antena kwenye televisheni. Kimya.

"Sasa picha?" yule akauliza.

"Ulitaka picha au ulitaka kusikia?"

"Nilitaka vyote, mzee!"

"Basi wewe huna shida ya umeme. Una shida ya tamaa."

Akaondoka na hakudai chochote. Niliona uchungu kuliko mwenye video. Ningekuwa mimi, ningeuza ule ushauri kwa bei ya spika.

Na kulikuwa na wale wafugaji wanaokuja mjini siku za mnada, wanaacha simu zao kwa Opereta zichajiwe, maana kwao hakuna umeme. Zilipangwa mezani kando ya spika. Spika inadonoa, didi-di-di, na Opereta bila kuinua kichwa anasema, "Simu inaita." Kimya kidogo, halafu kweli moja inalia. Mzee mmoja wa Kimasai alisimama mlangoni na fimbo yake, akaliona hilo likitokea, akangoja likatokea tena.

"Huyu anajua kabla," akawaambia wenzake.

"Sijui kitu," Opereta akafoka. "Simu inaongea na mnara kabla ya kulia, spika inaidaka. Iweke mbali uone."

Mzee akaichukua simu yake, akaiweka dirishani, mbali na spika. Kisha akamwuliza kwa adabu kabisa kama angeweza pia kujua ng'ombe wake aliyepotea yuko wapi. Nilicheka mpaka nikashika mlango. Opereta hakucheka. Jambo lililomuudhi kuliko yote duniani lilikuwa mtu kumdhania ana uganga, na dunia, kama nitakavyoeleza, ilimtilia hilo jambo kwenye sahani.

Ugomvi wetu wa kwanza wa kweli ulikuwa juu ya zile spika alizorudisha. Nilizipeleka Korogwe, nikazijaribu kwa rafiki yangu mwenye steshenari, kimya kabisa. Nikarudi nazo Chanika nikiwa nimejiandaa kwa vita. Akaziwasha mbele yangu. Nikasikia. Naapa nilisikia: mvumo mnene, na nilipogusa kasha la kompyuta lilinidunga vidole.

"Inapiga shoti!" nikaruka.

"Inauma, ndiyo," akasema, akiwa na furaha ya kunishinda. "Sasa sema tena ni spika nzima."

Tukafuata hatua zake zote, mimi nikiwa mshika waya. Tulichomoa, tukachomeka, tukafunga maiki, tukahamisha soketi. Mwisho alitoka nje nyuma ya nyumba, akachuchumaa kwenye ile nondo iliyopigiliwa ardhini ambako waya wa ethi wa nyumba, ule unaozamisha ardhini umeme unaovuja, unaishia. Ardhi ilikuwa imekauka mpaka imepasuka ikaiachia nondo, ungeweza kuitikisa kama jino bovu. Handeni wakati wa kiangazi hakuna haja ya kueleza zaidi. Akaingia ndani, akatoka na ndoo ya maji, akaimwaga yote pale chini.

Tulirudi ndani. Mvumo ulikuwa umekwisha. Niligusa kasha, halikunidunga. Niliwasha na kuzima, nikawasha tena kwa sababu mimi kitu nakithibitisha mara mbili. Kimya. Opereta alisimama katikati ya chumba na kiganja juu ya spika, macho yamefumba, na usoni alikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukiona kwake tena. Kosa la maisha yake lilikuwa kupatia siku ile.

Nilimshauri apigilie nondo ndefu, ifike kwenye unyevu. Chini palikuwa na mwamba, na mwenye nyumba hakutaka msingi wake uchimbwechimbwe. Basi ikawa ni ndoo, kila asubuhi, kabla ya kuwasha mashine. Na ndoo haikubebwa na Opereta. Ilibebwa na mkewe.

Mkewe alikuwa mwanamke wa Bungu, huko milimani, ambako maji yanapita mlangoni kwa mfereji na mtu anaosha miguu bila kufikiri. Alimwoa siku za mkonge. Mimi nilimwita mama, naye aliniita mwanangu hata pale nilipokuwa nimemwuzia mumewe kitu kibovu. Alikuwa na utani wa chinichini, wa kutupia neno akiwa ameshakupa mgongo. Siku moja nilimkuta akitoka bombani, ndoo kichwani, mkono mmoja umeishikilia.

"Shikamoo mama. Maji ya chakula hayo?"

"Marahaba mwanangu. Ya chakula yatafuata. Haya ni ya bibi mdogo."

"Bibi mdogo?"

"Yule wa mezani. Asipooga asubuhi, ananuna."

Alicheka, nami nikacheka. Lakini bombani hakukuwa na kicheko. Foleni ya maji Chanika, miezi ile bomba linapotoa uzi mwembamba kama wa kushonea, ilikuwa mahakama. Na habari ilikuwa imeshafika huko kwamba ndoo moja kila siku inamwagwa chini. Bibi mmoja muuza maandazi, jirani wa ukuta kwa ukuta, Mzigua wa pale pale, ndiye aliyekuwa ameona kwa macho: mzee anachuchumaa, mkewe anamwaga maji kwenye chuma, ndani ile mashine iliyokuwa ikinguruma inanyamaza.

"Anaitambikia," bibi alisema, na hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayetaja bei ya unga. "Ila tambiko letu lina pombe na lina jina la mtu. Hili la kwake analitaja nani?"

Aliponieleza mimi mwenyewe, nilijaribu kumpa somo la ethi. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo isiponyweshwa inanguruma," akasema.

"Eeh, kwa maana hiyo, lakini..."

"Na ikinyweshwa inatulia."

"Ndiyo, bibi."

"Haya. Maandazi unachukua au unanizuilia wateja?"

Ungembishia nini? Mambo yote aliyoyasema yalikuwa kweli. Tangu hapo, mkewe Opereta akifika bombani wanawake walimwambia, "Wewe wa mashine kaa nyuma, sisi tunapikia watu." Akawa anakaa nyuma. Anafika wa kwanza, anaondoka wa mwisho. Aliporudi, mumewe alikuwa mlangoni akimfokea kwa kuchelewa.

Kisha mvua zikaja. Ardhi ikalowa, nondo ikashikwa vizuri, haikuhitaji tena ndoo ya mtu yeyote. Nilipita siku moja mvua inapiga mabati hadi hatusikilizani, nikachungulia nyuma ya nyumba, nikamwona yule mama amejifunika kanga, amesimama kwenye tope, anamwaga ndoo ya maji juu ya tope.

"Mama, unafanya nini?"

"Anasema nyuki amerudi."

"Unamsikia?"

Aliitikisa ndoo ikamaliza matone. "Mwanangu, mimi nasikia mvua."

Ndipo nilipoanza kuunganisha. Spika alizokuwa akinirudishia baada ya hapo, nilizichukua na kuziuza kwingine, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kuzirudisha. Niliziuza kwa mwalimu, kwa kanisa, kwa kinyozi pale stendi ya Korogwe. Kimya zote. Mtu mwingine angefikia uamuzi mapema. Mimi nilikuwa nauza spika moja mara mbili, sikuwa na haraka ya kufikia uamuzi.

Opereta naye alizidi. Tangazo likirekodiwa, anasikiliza, anatikisa kichwa, anafuta. Anarekodi tena, anafuta. Wenye minada walikuja kuchukua kaseti, wakaambiwa, "Bado inalia." Mnada ukapita, kaseti bado inalia. Wateja wakaanza kuhamia kwa kijana mmoja aliyefungua pembeni ya soko, ambaye matangazo yake yalivuma kama mzinga halisi na watu wakanunua dawa ya kunguni vilevile.

Siku ya mwisho wa ile nyumba nilikuwepo, nimekwenda kuchukua spika nyingine iliyorudishwa. Ilikuwa mchana wa kiangazi. Mkewe akaingia na ndoo tupu, akaiweka chini katikati ya chumba, mahali ambapo haikuwa ikiwekwa.

"Umemwaga?" Opereta akauliza.

Mkewe akasema, "Sikiliza kwanza."

Opereta akaweka kiganja juu ya spika, akafumba macho. Nilimwona mabega yakishuka. "Naam," akasema. "Sasa pametulia. Unaona? Ni maji tu. Maji tu."

"Sijamwaga," mkewe akasema.

Opereta akafumbua macho.

"Leo nimefulia. Juzi pia nilifulia, ukaniambia pametulia. Jana nilimwaga yote, tena mbele ya macho yako, ukasema bado inalia, nirudi bombani. Nikarudi. Nikakaa nyuma ya watu wote." Sauti yake haikupanda. "Unawaambia watu kila mlio una mwenyewe. Basi mimi nimemtafuta. Mwenyewe ni wewe, mzee. Mlio uko masikioni mwako. Umetoka nao kiwandani."

"Wewe unasikia nini? Umezaliwa mawinguni."

"Muulize huyu."

Wote wawili wakanigeukia. Kazi yangu yote ni kukutanisha watu katikati, na pale hapakuwa na katikati. Nilisema ukweli. "Mzee, mimi sisikii kitu. Hata zile ulizonirudishia, zote nimeziuza, hakuna aliyelalamika."

Alinitazama kwa dharau ambayo sikuwahi kuipata hata kwa polisi wa barabarani.

"Wewe ni muuzaji," akasema. "Unataka nikudhanie utasema nini? Kwamba spika zako zinalia?"

Alikuwa sahihi kabisa: katika mji mzima, shahidi pekee aliyekuwepo alikuwa ndiye ambaye neno lake halikuwa na thamani. Akamgeukia mkewe, na akasema yale maneno kwa sauti yake ya korona, hata bibi wa maandazi akayasikia na kuyapeleka bombani kabla ya alasiri.

"Kama maji yamekuchosha, rudi kwenu kwenye maji."

Mama akainama, akachukua ndoo. Nilidhani anakwenda bombani. Alikwenda chumbani, akatoka na furushi ndani ya ndoo ile ile, kwa sababu ndoo ilikuwa yake, alikuja nayo alipoolewa. Akaniambia, "Haya mwanangu, ubaki salama." Nilimsubiri Opereta amfuate hadi kona, kwa sababu mteja akiondoka kwa hasira unamwacha apige hatua chache halafu unamwita. Bei hushuka hapo. Hakumwita. Nimesema mwanzoni: mtu yule hakujua kupatana.

Baada ya hapo alibeba maji mwenyewe. Niliwauliza wale wa bombani ilikuwaje mwanaume mzee kupanga foleni na wanawake. Wakashangaa swali langu. "Apange? Mzee mzima? Tunampisha mbele." Walimpisha kila siku, kwa heshima, wale wale. Yule mama hawakuwahi kumpisha hata mara moja, na maji yalikuwa yale yale, ya kumwagwa kwenye chuma kile kile. Bado jambo hilo linanikera kuliko yote, na sijui nimpelekee nani lawama, kwa hiyo natembea nayo.

Duka lilikufa polepole. Mara ya mwisho kupita, kibao kilikuwa kimepakwa rangi juu, wanauza vocha.

Miaka ilipita ndipo nilipopanda Bungu na redio za kutumia mwanga wa jua, nikaelekezwa nyumba ya yule mama. Maji yalikuwa yanapita mlangoni kweli, nilidhani siku zote alikuwa akitia chumvi. Alinipa chai, akapatana nami bei ya redio mpaka nikatoka jasho, nikafurahi.

"Alikuja," akasema bila mimi kuuliza. "Mara moja. Nikampokea, nikampikia. Huku kwetu jua likizama unasikia hadi mdudu wa jirani. Akawa hatulii. Namkuta ameweka sikio ukutani. Mwanangu, nyumba hii haina umeme. Haina waya. Ukutani mna nini?"

"Akasemaje?"

"Kwamba huenda nguzo za umeme za barabarani zinavuma." Alimwaga makapi ya chai kwenye mfereji, yakaondoka na maji. "Mimi sikutaka aniombe radhi. Nilitaka aseme, 'Ni mimi.' Maneno mawili. Angekaa hapa mpaka afe, avume anavyotaka. Akaona bora ashuke."

"Nikimwona nimwambie?"

"Usimwambie. Akisema, atasema mwenyewe."

Nilimwona stendi ya Mombo. Basi letu lilisimama, wapigadebe wakagombana milangoni, wauza mahindi na mayai wakaelea madirishani na besheni zao, malori yakipiga honi nyuma. Na katikati ya ghasia ile yote, kwenye benchi la mama lishe, alikaa Opereta, mikono magotini, uso umetulia kama mtu aliye msikitini. Hakuwa anauza kitu. Hakuwa anasafiri.

"Shikamoo mzee."

"MARAHABA," akapaza, na akanijua mara moja. "Kaa. Hapa pametulia."

Lori likapita na nusu ya mlima nyuma yake. Yule mama lishe akaniambia, akinijazia chai, kwamba mzee huyo anakuja kila asubuhi na anaondoka magari yakipungua, hana taabu. Tulizungumza, yaani yeye alizungumza, juu ya spika za siku hizi kuwa za hovyo. Hakuniuliza habari za Bungu. Nami sikusema.

Kisha ikatokea, kama inavyotokea kwenye stendi zote: mabasi yaliyokuwepo yakaondoka na yanayokuja hayajafika. Wauzaji wakarudi kivulini. Pakawa kimya. Nilimwona uso ukibadilika. Akakaza shingo, akaweka kiganja juu ya meza ile ya mbao, akafumba macho. Kisha mkono wake mwingine ukanishika kifundo cha mkono.

"Unasikia?"

Nilisikiliza, kwa haki yote. Nikasikiliza mara ya pili. Kulikuwa na jogoo mahali fulani, na sufuria ya mama lishe ikichemka.

"Nasikia, mzee," nikasema.

Akafumbua macho. "Nyuki?"

"Nyuki."

"Wa mbali?"

"Wa mbali. Lakini yupo."

Aliniachia kifundo. Mabega yakashuka kama siku ile ya ndoo ya kwanza. "Si nilisema?" akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakupaza sauti. "Nilimwambia yule mwanamke. Ukipanda huko juu, mwambie hata wewe umemsikia."

"Nitamwambia."

Basi la kutoka Arusha likaingia na honi yake, wauza mayai wakainuka mbio, na Opereta akarudi kwenye utulivu wake. Nilipanda basi langu. Katika vitu vyote nilivyowahi kumpelekea mtu yule, huyo nyuki wa mbali ndiye pekee aliyekuwa mbovu kabisa, na ndiye pekee ambaye hakumrudisha.